Vidonge vya kondo la nyuma msituuzie kama mila ya bibi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Ukurasa wenu wa akina mama uliandika habari za wazazi wa huku Marekani wanaochukua kondo la nyuma, linakaushwa, linasagwa, linajazwa kwenye kapsuli na mama anameza wiki za mwanzo baada ya kujifungua, na mwandishi akatuambia vidonge hivyo vinaongeza maziwa, vinarudisha damu, vinazuia sonona, halafu juu ya yote eti ni kurudi kwenye mila za bibi zetu wa Afrika. Hayo mengine ningevumilia lakini hilo la bibi hapana. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, nasaidia manesi kwenye wodi ya wazazi, hii biashara naiona kila kukicha na nasema huyo bibi hayupo.

Bibi zetu kondo walizika jamani. Waganda wanazika kwenye shina la mgomba maana kwao kondo ni pacha wa mtoto, na kwetu sisi kuna familia hadi leo mama mtu mzima mmoja tu ndiye anayejua limezikwa wapi, hasemi, kwa kuogopa watu wabaya. Leo ukijifungulia hospitali linaenda kwenye shimo la kondo basi yameisha. Na siyo sisi tu, mwaka 2010 watafiti Sharon Young na Daniel Benyshek wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas walipekua maandishi ya jamii 179 duniani wakitafuta wapi akina mama wana desturi ya kula kondo lao, wakakuta kuzika, kuchoma, kutundika, kila aina, ila ya kula hawakupata ushahidi wa kueleweka. Wachina ndiyo wana kondo lililokaushwa kwenye dawa zao za asili toka zamani, lakini ile ni dawa ya kumpa mgonjwa dhaifu, mwanaume au mwanamke, siyo mzazi kula la kwake. Hii ya mzazi kumeza la kwake ilishika huku Marekani miaka ya 1970 na watu wa kuzalia nyumbani, ikalala lala, mpaka akina January Jones na Kim Kardashian walipotangaza kwamba wanameza, ndo ikawa fasheni.

Niwaambie inavyofanyika maana mwandishi wenu alipita juu juu. Hapa Texas kuna sheria ya 2015 inamruhusu mama kubeba kondo lake kama vipimo vya magonjwa ya kuambukiza viko safi na amesaini fomu, kwa hiyo linawekwa kwenye kindoo cha plastiki chenye mfuniko, ndugu analitia kwenye kuleboksi lenye barafu na kuondoka nalo. Anakuja mwanamke wa hiyo kazi, mara nyingi hana taaluma yoyote ya udaktari, kasoma kozi ya mtandaoni, anaosha damu kwenye sinki la jikoni, anaweka kwenye mvuke na tangawizi na vipande vya limao, anakata nyembamba nyembamba kama mtu anayetengeneza nyama ya kukausha, anapanga kwenye mashine ya kukaushia usiku kucha, asubuhi anasaga anajaza kapsuli moja moja. Wengine hawapiti kwenye mvuke, wanakausha bichi bichi, wanasema ndo lenye nguvu. Kitovu nacho anakikausha kwa umbo la kopa mama aweke kumbukumbu. Bei dola 200 mpaka 400. Jirani yangu mmoja Mkongo alifanyiwa hivyo nikiwepo, na harufu yake sitaisema hapa kwenye gazeti.

Sasa tuje kwenye faida. Hao hao watu wa Nevada, ambao mwanzoni hata hawakuwa na ugomvi na hii kitu, waliipima vizuri, wakachukua wazazi 23, wengine wakapewa kapsuli za kondo lao wenyewe na wengine kapsuli za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na hakuna mama aliyejua anameza kipi. Matokeo yakatoka 2016, damu upande wa madini ya chuma hakuna tofauti ya maana. Kondo lina chuma kuliko ile nyama, kweli, lakini mtu akimeza dozi yote ya siku hafikishi hata robo ya chuma anachohitaji mama anayenyonyesha. Mwaka 2018 wakatoa nyingine ya wazazi 27 kuhusu uchovu, hali ya moyo na mapenzi kwa mtoto, nako hakukuwa na tofauti kubwa. Watasema watu 27 ni wachache, sawa, ni wachache, lakini anayeuza kitu dola 400 ndiye anayetakiwa alete ushahidi, siyo mimi.

La maziwa ndo linanishangaza zaidi kwa sababu liko kinyume kabisa. Wakati wa ujauzito kondo linatoa homoni ya projesteroni na hiyo ndiyo inayozuia maziwa yasitoke kwa wingi kabla ya wakati. Mtoto akizaliwa kondo likatoka, projesteroni inashuka ghafla, siku ya pili ya tatu hivi maziwa yanajaa. Ndiyo maana mama akibakiwa na kipande cha kondo tumboni maziwa yanachelewa, mkunga yeyote wa zahanati anakijua hicho. Sasa mwili umehangaika kulitoa lile kondo ili maziwa yaje, halafu wewe unalirudisha kwa mdomo eti lilete maziwa?

Na kuna la Oregon, hili mngeliandika kwa herufi kubwa. Septemba 2016 mtoto mchanga kule alipata maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi B wa streptokoki, hawa ni hatari sana kwa vichanga. Akatibiwa kwa ampisilini, dawa ya kuua bakteria, siku 11, akaruhusiwa, siku 5 tu baadaye akarudishwa na bakteria wale wale, sasa akaongezwa na dawa nyingine ya aina hiyo, jentamaisini. Katika kuulizana ndo ikajulikana mama anameza kapsuli za kondo, mbili mbili mara tatu kwa siku, toka siku ya tatu baada ya kujifungua. Kapsuli zikapimwa maabara, bakteria wakakutwa humo humo. Yule mama alipimwa kabla ya kujifungua akaonekana hana. CDC, yaani mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, iliandika kisa hiki Juni 2017, na kwa haki walisema hawawezi kuondoa uwezekano wa mtu mwingine nyumbani kumuambukiza mtoto, ila wakashauri kapsuli hizo zikwepwe. Tatizo ni kwamba hakuna kiwango cha serikali cha hayo majiko na mashine. Joto la kuua bakteria wa salmonela, kwa mfano, likiwa nyuzi 54 linatakiwa lidumu dakika 121, sasa nani anakaa na kipimajoto jikoni kwa mtu? Kanada nao 2018 wakatoa tahadhari.

Mimi siwacheki wanaonunua. Ukiishi huku utaelewa. Sheria ya taifa ya 1993 inampa mzazi wiki 12 za likizo bila hata senti, na hizo ni kwa baadhi tu ya wafanyakazi, kwa hiyo wapo wanaorudi kazini mshono haujapona, mume anafanya shifti mbili, mama mzazi yuko Kigoma au Bukavu na viza imekataliwa. Nyumbani Tanzania sheria ya kazi inatoa siku 84 za malipo, na hata asiyeajiriwa kuna mtu wa kumkanda maji ya moto, wa kumpikia mtori na uji wa pilipili manga, wa kumbeba mtoto usiku hadi arobaini itimie. Huku hicho kitu hakipo kwa hiyo mtu anauziwa kichupa cha kapsuli. Halafu ninyi mnakichukua kile kichupa mnawapelekea wenye arobaini yao kamili muwaambie wako nyuma ya wakati! Hapo ndo sielewi kabisa.

Kama ukurasa una nafasi ya afya ya mzazi, mambo ya kuandika yapo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee na vidonge vya madini ya chuma wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua kwenye nchi zenye upungufu mkubwa wa damu, na ni vile vile vya kliniki ambavyo wengi wanavitupa wakishazaa kwa sababu vinafunga choo. Sonona nayo ina maswali 10 ya kuitambua, yanaitwa ya Edinburgh, yapo toka 1987, nesi anaweza kumuuliza mama kwa dakika chache tu na anayeonekana ana shida akapelekwa kwa mtaalamu. Mzazi analia mchana kutwa anaambiwa ni deko au ni mashetani, nani ameandika hilo?

Kwa dada zangu wa huku ambao mmeshanunua na mnameza, sitawagombeza, ila mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata joto la 38 au akikataa ziwa msisubiri kuche, mpelekeni hospitali na mwambieni dokta kabisa kwamba mnameza kapsuli za kondo, mbebe na kichupa chenyewe wakipime, kwa sababu kwenye fomu zao hilo swali mara nyingi halimo.

Msomaji wenu,
Houston, Texas