Futingi ya Bukavu: tunakimbia mbio kupita kiasi

Bwana mhariri, salamu kwako na kwa ekipi yako yote.

Kuna ndugu aliandika humu kwamba sisi watu wa Bukavu tunaanza futingi, yaani mbio za mazoezi, kwa kishindo halafu tunaacha, eti juu ya uvivu. Mimi nakataa kabisa. Mama anayepanda na gunia mgongoni toka ziwani mpaka soko la Kadutu, huyo naye ni mvivu? Tunaacha juu tunaifanya vibaya, basi.

Angalieni vile mtu anaanza. Ananunua basketi mpya, vile viatu vya mbio, siku ya posho (Jumamosi) asubuhi anatoka mbio kama motari wa pikipiki anayekimbia polisi, akifika kwenye mlima wa kwanza pumzi imekwisha, mbavu zinamchoma, kesho yake hata ngazi za nyumbani anazishuka akishika ukuta, halafu mnamuuliza kwa nini harudi. Arudi kutafuta nini? Tena mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Kinshasa, na barabara ya tambarare utaitafuta mpaka jioni.

Mwenye kutaka kudumu apunguze mwendo, apunguze tena, mpaka aone haya kidogo. Kipimo ni mdomo: kama unaweza kumsimulia mwenzako habari za jana bila kukatakata maneno lakini wimbo haukutoki vizuri, hapo ni penyewe. Ukianza kutoa neno moja moja, tembea. Kwenye kupanda tembea tu, mbio uziweke kwenye vile vipande vya sawasawa, hakuna atakayekutoza amende. Na mitelemko msijirushe jamani, yale maumivu ya mapaja ya siku ya pili yanaletwa na kushuka zaidi kuliko kupanda, wengi hawajui wanalaumu mlima bure.

OMS yenyewe, Shirika la Afya Duniani, inasema mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma, mwendo wa kati, na toka 2020 waliondoa ile sharti ya dakika kumi mfululizo. Maana yake hata kupanda kwa miguu kurudi nyumbani toka kanisani kunahesabiwa (mama wa gunia yeye alishamaliza zake kitambo).

Muziki nao unasaidia, unapunguza kuhisi uchovu, ila ukikimbia mpaka mwisho wa nguvu hausaidii sana, mwili unapiga kelele kuliko wimbo. Wenye ekuteri za masikioni waache sikio moja wazi, motari hawapigi honi kila mara. Mimi napendelea kundi, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia kifupi, mwendo unajipanga wenyewe na dakika zinapita ukicheka. Shida ni makundi mengine yanamwacha nyuma mgeni siku ya kwanza tu, huyo humuoni tena. Mwenye ugonjwa wa moyo au tansiyo (presha ya damu) aone daktari kwanza, hilo halina mjadala.

Sasa ombi langu: matokeo ya mpira mnayaweka kila juma, basi mtupatie kakona kadogo ka makundi ya futingi, yanakutania wapi, saa ngapi, na hasa lipi linakubali watu wa kutembea. Iwe saa kumi na mbili kumeshapambazuka, giza hapana.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu