Kilomita 400 za S-400 zitajwe pamoja na kimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo magazeti yetu, likiwemo lako, hulipita haraka kila yanapoandika habari za mifumo ya ulinzi wa anga. Tunaelezwa kwamba mfumo wa Urusi uitwao S-400, ulioanza kutumika mwaka 2007 na ambao Uturuki ilianza kuupokea Julai 2019, unafika kilomita 400, na maelezo yanaishia hapo. Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliniletea ramani aliyokwisha kuizungushia duara kwa bikari, akaniambia kwamba ndani ya duara lile hakuna chombo cha adui kinachoweza kupita. Simlaumu, kwa kuwa alichokisoma kilikuwa nusu ya habari.

S-400 ni msafara wa magari mazito yanayofanya kazi kwa kutegemeana. Liko gari lenye rada ya kupekua anga, liko gari la uongozi ambamo maofisa huketi mbele ya skrini na kuamua kipi kipigwe, liko lenye rada ya kulenga, kisha yapo magari ya kufyatulia, kila moja kwa kawaida likibeba mapipa manne. Amri ikitoka, pipa huwa limesimama wima, na gesi hulisukuma kombora lenye uzito wa takriban kilo 1,800 hadi juu ya miti kabla injini yake haijawaka. Ndipo hujiinamisha kuelekea linakotakiwa, na kwa hiyo gari halina haja ya kugeuzwa kumfuata adui. Rada ya kulenga humulika shabaha kwa mawimbi ya redio, na pua ya kombora hupokea mwangwi unaorudi. Likikaribia, baruti hulipuka na kurusha vipande vya chuma, hivyo si lazima ligonge ndege yenyewe. Kombora la namna hii, liitwalo 48N6, hufika kilomita 250. Zile 400 ni za kombora jingine, 40N6.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu. Sisi tuliokulia Tanga tunajua kwamba jahazi likitoka Pemba huonekana kwanza ncha ya mlingoti, kisha tanga, na mwili wa chombo huonekana mwisho kabisa, kwa sababu uso wa bahari umepinda na unakificha kilicho chini. Tunajua pia kwamba mgema aliye juu ya mnazi hukiona chombo kabla ya mvuvi aliyesimama ufukoni. Rada nayo imefungwa na kanuni hiyohiyo, ingawa mawimbi yake hupinda kidogo angani na kuona mbele kidogo kuliko jicho. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha kimo cha ndege, uzidishe kwa 4.12, utapata umbali kwa kilomita. Tuseme rada imepandishwa juu ya mnara wa chuma wa mita 24, kama inavyowezekana kwa mfumo huu. Ndege inayoruka mita 10,000 itaonekana ikiwa kilomita 430 hivi, lakini kombora linaloambaa mita 50 juu ya ardhi litaonekana likiwa limebakiza kilomita 49 tu, na hapo ni kwenye tambarare isiyo na kilima. Likienda kilomita 900 kwa saa, walio kwenye gari la uongozi wana dakika 3 na sekunde chache kulitambua, kuamua na kufyatua.

Wapo watakaosema basi antena ibaki juu daima. Hilo lina gharama yake. Rada inapowaka hujitangaza, na yapo makombora yaliyoundwa kuyafuata mawimbi yake hadi kwenye antena. Ndiyo maana magari haya yaliundwa yaweze kuhama upesi. Kikosi kikiwa bila mnara hujiandaa kwa dakika 5 hivi, lakini kuusimamisha mnara na kuushusha huchukua muda mrefu zaidi. Kamanda huchagua kati ya kuona mbali na kuondoka upesi, na uchaguzi huo hauonekani kwenye duara lolote la ramani. Zoltán Dani, aliyeongoza kikosi cha Serbia kilichoitungua ndege ya Marekani aina ya F-117 tarehe 27 Machi 1999, alikuwa na mfumo wa zamani wa S-125 wenye masafa mafupi sana. Aliwaamuru watu wake wawashe rada kwa sekunde chache tu na wahamehame.

Kwa upande mwingine, Saudi Arabia ilikuwa na mifumo ya ulinzi wa anga ya Marekani iitwayo Patriot wakati droni na makombora ya kuruka chini yalipopiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq tarehe 14 Septemba 2019. Rada ya Patriot ya wakati huo ilipekua upande mmoja tu wa anga, robo ya duara, na hilo pia sikuliona likielezwa katika habari nilizozisoma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila masafa ya mfumo wa namna hii yanapochapishwa, kitajwe na kimo cha shabaha. Yule mwanafunzi nilimrudishia bikari, akaongeza duara la pili, la kombora linaloambaa mita 50. Ramani yake ni ya sentimita moja kwa kilomita 100. Duara la kwanza lina nusu kipenyo cha sentimita 4, na la pili halifiki nusu sentimita.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga