Mhariri, Uingereza sio London tu

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa kwenye basi hapa Leeds, na kila ukurasa wenu wa safari ukigusa Uingereza ni London, ile saa, lile daraja, kasri la mfalme, imeisha hiyo. Ndo maana ndugu zetu wakija wanapiga picha tatu hapo afu wanasema Uingereza wameimaliza.

Mwaka jana alikuja mjomba wangu kutoka Tanga, mzee aliyeuza nyama miaka mingi sana, nikampeleka mji wa York maana kwa treni kutoka kwetu ni kama nusu saa tu. Nikadhani litakalomshangaza ni kanisa kuu, Minster, walianza kulijenga 1220 likaja kukamilika 1472, yaani aliyeweka jiwe la chini hata vitukuu vyake hawakuliona likikamilika. Dirisha la mashariki ni vioo vya rangi, kazi ya John Thornton, 1405 hadi 1408, ukubwa wake karibu na kiwanja cha tenisi. Mzee akaangalia juu, akasema "hapa pana kazi", kisha akauliza choo kiko wapi.

Kilichomnasa ni kichochoro kinaitwa Shambles. Nyumba za mbao za zamani mno, ghorofa za juu zimetokeza mpaka jirani wa huku na wa kule wangeweza kupeana chumvi dirishani. Watalii wote wako kwenye maduka ya fimbo za uchawi, zile za sinema za Harry Potter, ye mjomba kainama anapapasa ubao mpana ulio chini ya dirisha, akainua macho akaona kulabu za chuma. "Wee, hili bucha hili!" Sijamwambia kitu bado. Nikamwambia ndio mjomba, mtaa wote huu ulikuwa mabucha, na jina lenyewe linatokana na hizo mbao za kupangia nyama. Hakunisikiliza, keshaanza kunifundisha, unaona jua haliingii, nyama ikipigwa jua mpaka saa nne nani atainunua, na huku pembeni wameinua njia ili katikati pawe mfereji, damu na maji yateremke. Nimekuja hapo mara sita na sikuwahi kuuona huo mfereji.

Baadaye tukapanda ukuta wa mji, kama kilomita 3.4, bure kabisa. Mwaka 1800 wakubwa wa mji walitaka kuubomoa, watu wakakataa, vipande vichache ndo vikavunjwa. Kushuka tukapotea, maana York mtaa unaitwa "gate" na lango linaitwa "bar", sasa mtu unaambiwa nenda Stonegate unatafuta geti nusu saa, kumbe unapita juu yake.

Ombi langu mhariri, hata mara moja tu andikeni York, au Lincoln, au Chester yenye maduka ya ghorofa mbili mbili barabarani. Na mkiandika waambieni watu wavae raba, yale mawe yakilowa yanateleza vibaya, mjomba na kanzu yake nusura tumuokote mbele ya duka la peremende.

Msomaji wenu, Leeds