Jumamosi tunaenda Elementaita

Habari za jioni wapenzi wa picha, mko salama? Ile safari ya Nairobi National Park tumeisogeza mbele, Jumamosi hii tunaenda Ziwa Elementaita juu wengi mmekuwa mkiomba mwari na flamingo wakiruka kwa makundi.

Tukutane Museum Hill saa kumi alfajiri, matatu inatoka kumi na nusu kamili. Nauli kwenda na kurudi ni 1,800, tumeni kwa M-Pesa ya mweka hazina kabla ya Alhamisi saa mbili usiku ndio tumlipe dereva. Chakula kila mtu abebe chake.

Sasa kamera. Anza na kasi ya shata 1/2000 ya sekunde na tundu la lenzi f/8, kundi likiwa kubwa ukifungua lenzi sana unapata ndege mmoja safi na wengine wote ukungu. Flamingo hukimbia juu ya maji wakielekea upepo unakotoka ndio wapae, kwa hivyo simama upepo ukupige mgongoni, watakuja uso kwa uso na wewe. Mwari wao hungoja jua lipashe hewa ndio wazunguke juu, so tusiharakishe kurudi.

Na tafadhali sana, hakuna kurusha mawe wala kupiga kelele ili waruke, niliwahi kuona mtu akifanya hivyo na iliniuma sana. Droni pia ziachwe nyumbani. Tutangoja waruke wenyewe.

Viti ni 13 tu. Andika hapa NAKUJA leo usiku, na kama una lenzi ya ziada ya kuazima mwenzako useme pia. Asanteni.