Mjomba, zile dadu sio kamari

Mjomba shikamoo. Najua hii utasomewa na binti yako maana wewe simu ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo na yeye nampa salamu, na asiruke maneno.

Ile siku ulivyonikatia simu sikukasirika ila ilinikaa. Nilikwambia naenda Birmingham kwenye mashindano ya mchezo wa vita vya Napoleon, ukauliza unachezwaje, nikasema kuna ramani, vibao, karata na dadu, nilipofika kwenye dadu tu ukasema "hiyo kamari" ndo ikawa basi. Mjomba hapakuwekwa hata senti mezani. Tulilipa kiingilio cha ukumbi, na mshindi anapewa kikombe kidogo cha kuweka kabatini. Na dadu zenyewe hazina hata namba, zina picha: askari wa miguu pande mbili, farasi, mzinga, bendera na panga mbili zimepishana. Ikitoka picha ya yule unayempiga anapungua kibao kimoja, ikitoka bendera anarudi nyuma. Kikosi kikiisha vibao vyote umepata pointi. Mchezo unaitwa Commands & Colors: Napoleonics, ulitoka 2010.

Ulisema pia vita vya wazungu vinanihusu nini. Sawa, lakini huyu Napoleon, jemadari wa Wafaransa, akiwa Misri mwaka 1799 alimwandikia barua mtawala wa Muscat, Sultan bin Ahmed, na huyo ndo baba yake Sayyid Said wa Zanzibar unayempenda kumsimulia pale barazani. Barua Waingereza wakaidaka njiani. Yaani kidogo tu angekua wa kwetu.

Haya nikwambie nilivyofungwa, maana ndo nilichotaka kusema siku ile. Nilifungwa na babu mmoja ana miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na wala dadu hazihusiki. Kila meza mnacheza mara mbili mnabadilishana upande, pointi zinajumlishwa, kwa hiyo upande mbovu kila mtu ataukalia. Ramani ilikua Waterloo, 18 Juni 1815, vita Napoleon aliyoshindwa mara ya mwisho, mimi Mfaransa kwanza. Nikaona farasi wangu wamejaa katikati wanang'aa, mkono ukawasha, nikawapeleka wote.

Sasa sikiliza hapa. Askari wa miguu akifuatwa na farasi anaruhusiwa kujipanga mraba, bunduki na singe zinaangalia nje pande zote nne. Ukimpiga na farasi akiwa hivyo unarusha dadu moja tu, hata farasi wako wangekua wengi vipi. Ila mraba una bei yake: mimi nachomoa karata moja mkononi kwake bila kuiona (karata ndo za kuamrisha vikosi), inakaa pembeni mpaka mraba ufunguliwe. Babu akapanga mraba wa kwanza nikachomoa. Akapanga wa pili nikachomoa. Mjomba nilijiona fundi, nimemnyang'anya karata mbili! Kumbe mizinga yangu na askari wa miguu nimewaacha nyuma kule wanaota jua, na karata ya kuwasogeza sina. Farasi wakabaki wanazunguka miraba wanapigwa bunduki mmoja mmoja. Ney, jemadari wa Napoleon, alifanya ujinga huohuo siku yenyewe, saa kumi jioni, maelfu ya farasi bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yao, na miraba ya Wellington, jemadari wa Waingereza, haikuvunjika. Nilikua nayajua yote haya, nimeyasoma, nimewasimulia watu, na bado.

Tukabadilishana. Babu hakuleta farasi wote, alileta kikosi kimoja tu akakisimamisha pua kwa pua na mimi. Nikapanga mraba, akachomoa karata yangu, na kumbe ndo alichotaka, maana farasi wake akiwa pale ubavuni siwezi kufungua. Halafu taratibuuu akasogeza mzinga. Mraba kwa mzinga ni kama kuku kwenye tenga. Nikabaki naangalia vibao vyangu vinaondoka, karata nzuri niliyoingoja toka asubuhi imelala pembeni. Hesabu ya pointi sitaitaja.

Kwenye treni kurudi nilikukumbuka wewe, ulivyokua ukinipiga kofi la mkono kwenye bao nikikimbilia kula kabla sijaangalia nyumba yangu ina kete ngapi. Kwenye bao hakuna dadu wala karata, kete zote 64 zinaonekana, na bado nilikua nafungwa hivyohivyo.

Desemba nakuja Tanga na boksi lenyewe. Kama dadu huzitaki kuzishika nitakurushia mimi. Wewe utakaa upande wa Waingereza, maana nakujua, utapanga mraba asubuhi na hutaufungua mpaka magharibi iadhiniwe.