Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Barafu, Kuni na Gesi ya Kilindi cha Bahari

Ndugu wanachama, mama zangu wachemshaji wa dagaa, vijana wa mashua na wazee wangu mlioketi mbele: Assalamu alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Mwaka umekwenda. Kusi lilitufungia vyombo ufukweni siku nyingi, bei ya barafu ikapanda. Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Mimi nataka kulimaliza lile suala la gesi.

Mtamkumbuka yule bwana aliyekuja hapa soko la Deep Sea, Tanga, baada ya Idi, kompyuta mkononi. Alituonyesha viputo vikipanda kutoka sakafu ya bahari kule kilindini, akasema hiyo ni methani, gesi ileile ya visima vya Songo Songo, inapotea bure. Tuchange, itundikwe faneli ya chuma juu ya mvujo, pale gesi inapotokea, bomba lije hadi nchi kavu, dagaa wachemke bila kuni. Wengine mlishatia mkono mfukoni. Kamati ikanituma nikaulize wanaojua.

Hakudanganya yote. Sote tumekanyaga matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa, tukaona viputo vikibubujika mguuni. Methani imo humo. (Ile harufu ya yai viza ni ya gesi nyingine, methani yenyewe hainuki.) Na faneli nayo ilishajengwa: mwaka 1982 kampuni ya mafuta ya ARCO ilitua piramidi mbili za chuma juu ya mivujo ya Coal Oil Point, California, Marekani, ikakinga gesi kweli.

Lakini pale kina ni mita 70 hivi, pwani iko karibu, na mivujo ile ni mikubwa kuliko mingi duniani. Kule kilindini, mita elfu na zaidi, mambo ni mengine. Gesi hutoka kidogo kidogo, hapa kiputo, pale kiputo, na nyingi huliwa na vijidudu vya matopeni kabla haijagusa maji. Ni sawa na mtu kutega dema moja bahari nzima akingoja kuuza tani.

Nikauliza: na ile iliyoganda na maji kama barafu chini ya sakafu, si ndiyo nyingi? Ndiyo, mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa mita za ujazo 160 na ushei za gesi. Wajapani waliijaribu kwenye bonde la chini ya bahari la Nankai Machi 2013 kwa meli yao Chikyu. Siku ya sita mchanga ukaziba kisima. Kama Japani ilikwama na mchanga, sisi na michango yetu ya Ijumaa tungefika wapi?

Mtu akanitajia Ziwa Kivu, ambako mtambo mmoja wa Rwanda unazalisha umeme wa megawati 26 kwa methani tangu 2016. Ni kweli, ila kule gesi imeyeyuka ndani ya maji ya chini. Ukiyavuta juu inafoka yenyewe, kama soda iliyofunguliwa.

Kuna na hili la wenyeji wa kilindini. Penye mivujo kuna kome na minyoo ya mirija. Minyoo ya Ghuba ya Meksiko huishi zaidi ya miaka 200. Sisi watu wa Tanga tunajua kilindi kinaficha nini: tangu 2004 jarife zetu zimetoa silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka na madainosaria. Tena gesi ikitoroka wakati wa kuikinga, kwa miaka 20 ya kwanza hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Nchi yetu ina gesi ya visima, na bado mama zetu wanapuliza kuni. Shida yetu ni mtungi kufika jikoni kwa bei inayolipika.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tusichange. Waliokwisha kumpa yule bwana chochote waniletee majina nikitoka hapa. Simu yake haipokelewi. Fedha ya akiba tununue majiko mawili ya gesi ya kuchemshia, tuyajaribu msimu mmoja, mama zetu watuambie. Kura baada ya hesabu. Mweka hazina, anza na barafu.