Kina

Kaka, shikamoo.

Simu najua hutapokea. Naandika hapa kwa sababu wifi huwa anapita kusoma, na atakusomea hata kama umegeukia ukutani. Tangu tuanue matanga ya mama tumeongea mara moja tu, na hiyo mara moja ulikuwa unanitajia bei ya kifusi cha kufukia kisima chetu. Tripu mbili. Ulizitaja kama mtu anayesoma daftari la michango, nami nikanyamaza mpaka ukakata.

Hukuniuliza. Ungesema, "Mdogo wangu, nakifukia," ningelia, ningekukatalia, na ungekifukia vilevile. Lakini ningepanda basi nije nichote ndoo moja ya mwisho. Badala yake niliona picha kwenye kundi la familia: ukingo umebomolewa, matofali ya jiko la zamani yamejaa mpaka juu, na chini umeandika, "Kazi imekwisha."

Unasema bomba limefika barabarani. Ni kweli, na kwa ajili ya mgongo wa wifi nashukuru. Lakini unakumbuka kwa nini baba alichimbisha kisima wakati ziwa tunaliona kutoka mlangoni mwa jiko? Kwa ajili yako. Ulikojoa damu ukiwa darasa la tatu, baada ya kuogelea kwenye matete, na mama akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeingia tena kwenye maji ya konokono. Fundi akaja mwezi wa kumi. Kisima huchimbwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka mwisho. Ukiyakuta hapo, hayakukimbii mwaka mzima. Futi 28: juu luseni, ule udongo wa kichanga, chini mwamba uliooza ambao aliubomoa kwa mtaimbo. Kila asubuhi, kabla hajashuka, alitanguliza kibatari kwa kamba. Kikizimika, kule chini hewa ni mbaya, hashuki mtu. Mimi na wewe tulilala kifudifudi tukiutazama ule moto mdogo ukienda zake.

Wewe uliangalia kazi ya fundi. Mimi nilisikiliza. Nikitamka neno mle ndani, kisima kilimeza mwanzo wake kikanirudishia mwisho. Nikiita "mama", kinajibu "ma". Nikiita "Mwanza", kinajibu "za". Kwa hiyo siku mwalimu wa Kiswahili alipoandika ubaoni neno kina, akaeleza silabi zinazofanana mwishoni mwa mishororo, darasa liliduwaa, mimi nilikuwa naambiwa jambo ninalolijua. Na kwamba neno hilohilo ndilo tunalopimia kisima, sikuona ajabu hata kidogo. Mizani nayo, hesabu ya silabi katika mshororo, niliikuta kwenye mikono ya mama. Kiangazi alivuta kamba mara 16 ndoo ikafika juu, na nusu ya njia alipumua. Nane, pumzi, nane. Nilipofundishwa shairi la mizani 16 nilisikia kamba ikikwaruza ukingo.

Nimesoma baadaye kwamba hapo ng'ambo tu, Ukerewe, alizaliwa mwaka 1944 Euphrase Kezilahabi, aliyeandika mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wazee wa tungo wakamshukia. Namheshimu. Nimejaribu njia yake. Siwezi. Kila nikiandika mshororo nasubiri kitu kinijibu mwishoni.

Sasa ile siku.

Ilikuwa masika, maji yamepanda. Mama yuko gulioni. Mimi nina miaka tisa, wewe 14, na kitindamimba wetu ana mitatu, ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Nilikuwa nimelala ukingoni nakipa kisima maneno. Nikasikia maji. Sikusikia kilio, nilisikia maji tu. Ulitokea zizini ukiwa kifua wazi, ukafunga kamba kwenye mwembe, ukashuka. Hakuna aliyetanguliza kibatari. Ulimkuta ameng'ang'ania kamba ya ndoo, ukapanda naye mgongoni, ukamlaza kwenye majani mpaka akatapika maji na kulia. Miguu yako ilikuwa inatoka damu. Nilikupenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, nataka ulijue hilo, kaka.

Kisha ukanigeukia. Hukunipiga. Ulisema, "Ulikuwa unaongea na shimo."

Ukalirudia kwa mama jioni. Ukalirudia kwenye sendofu yangu, mbele ya wakwe, watu wakacheka. Na msibani, shangazi alipouliza kama bado natunga, ukamjibu, "Huyu? Huyu anaongea na mashimo." Mama alikuwa bado hajazikwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwangalia yule mtoto mara mbili; mara zote mbili alikuwa anakimbiza kuku. Na zile mbao za kufunikia, kaka, nani alizitoa asubuhi ile akachota maji ya ndama, asizirudishe? Nilikuona. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Sijawahi kulisema, si kwa mama wala kwa baba, hata siku mama aliponichapa kwa mwiko mpaka ukavunjika. Mama ameondoka hajui. Sikutaka kulisema hapa pia. Nimelifuta mara tatu, na sasa nimeliacha.

Nilikuwa nimeanza barua hii nikushauri juu ya binti yako. Ananitumia beti zake usiku mkiwa mmelala. Usimnyang'anye daftari. Usimwambie neno lile. Mtoto anayetunga hajazubaa, anasikia sana, na mimi nilisikia, nilisikia maji kabla yako, ndiyo maana nilipiga yowe ukaja. Yowe lilikuwa langu. Hilo nalo hujawahi kumsimulia mtu.

Mwambie beti ya juzi ni nzuri, ila mshororo wa tatu una mizani 15. Ahesabu kwa vidole.

Na ile kamba ya katani, kwenye picha sikuiona. Kama haikwenda na kifusi, nitundikie jikoni. Nakuja Desemba.